Uhuru wa Kuuza, na Umbali wa Kufika Sokoni

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Mageuzi ya kiuchumi yamewainua wakulima wote, au yamewaacha baadhi yao nyuma zaidi?" Nimelisoma mara kadhaa, na kila mara neno linalonisumbua ni hilo "au". Yametokea yote mawili kwa pamoja, mara nyingi ndani ya nchi ileile na katika miaka ileile. Tena walioachwa nyuma wanaonekana kwenye ramani. Weka kidole kwenye bandari au mji mkubwa, kisha kisogeze taratibu kuelekea milimani na mipakani. Utakuwa umechora mteremko wa kipato. Jibu langu ni hili: mageuzi yalimpa mkulima uhuru wa kuuza, lakini thamani ya uhuru huo ilitegemea anaishi wapi, na walioyapanga waliliacha suala la umbali lijitatue lenyewe.

Nianze na kisa kinachojulikana sana. Mwishoni mwa mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, wilaya ya Fengyang, jimbo la Anhui nchini China, wakulima 18 walikutana kwa siri. Waliandika kwenye kipande cha karatasi kwamba ardhi ya pamoja wanaigawa kaya kwa kaya. Kila kaya itoe kwanza fungu la serikali. Kinachobaki ni chake. Wakapiga dole gumba kwa wino mwekundu. Katika karatasi hiyo mna ahadi moja ambayo kila nikiikumbuka hunigusa: viongozi wa kijiji wakifungwa au kuuawa kwa kosa hilo, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Watu hawakuandika maneno kama hayo kwa kupenda siasa. Fengyang iliumia vibaya katika njaa ya 1959 hadi 1961, na hata baada ya hapo ilijulikana kwa watu wake kutoka kwenda kuombaomba.

Mavuno ya mwaka uliofuata yaliruka. Viongozi wa jimbo walifumba macho, kisha wakaunga mkono, na miaka michache baadaye komuni, yaani mfumo wa kulima na kumiliki mali kwa pamoja, zikavunjwa karibu nchi nzima. Mwaka 1979 serikali ilipandisha bei ya nafaka inayouzwa kwake kwa asilimia 20, na kwa nafaka inayozidi fungu lililopangwa ikaongeza nyongeza ya asilimia 50. Wastani wa kipato cha mtu wa kijijini ulipanda kutoka yuan (fedha ya China) 134 mwaka 1978 hadi yuan 398 mwaka 1985. Mtu wa mjini, ambaye mwaka 1978 alipata takriban mara mbili na nusu ya mtu wa kijijini, akawa anapata chini ya mara mbili.

Kipindi hiki husahaulika, na kusahaulika kwake hupotosha mjadala mzima. Mageuzi yalianza kwa kupunguza pengo. Sababu zake hazina fumbo. Kilichogawanywa kilikuwa ardhi, na iligawanywa kwa kuhesabu vichwa na nguvu kazi ya kila kaya, kwa hiyo hakuna aliyetoka mikono mitupu. Bei ilipandishwa na serikali, kwa hiyo ilimfikia hata wa mbali. Na mpunga au ngano hukua Anhui kama inavyokua Jiangsu, jimbo jirani la pwani. Atakayesema pengo ni tabia ya mageuzi, kwamba ukitaka maendeleo huna budi kulivumilia, aanze kwanza kunieleza miaka hiyo.

Kilichobadilisha mambo ni viwanda. Mkulima aliyekwisha kushiba hutafuta fedha, na fedha hazitoki kwenye ekari mbili za mpunga. Zilitoka kwenye viwanda vidogo vya vijiji na miji midogo: matofali, vyuma, nguo, vipuri, vifungo vya mashati. Walioajiriwa katika viwanda hivyo walikuwa milioni 28 mwaka 1978; kufikia 1996 walikuwa milioni 135. Ila havikutawanyika kama mbegu za upepo. Vilisongamana Jiangsu, Zhejiang, Guangdong na Shandong, kando ya bahari, karibu na miji yenye mafundi, umeme na wateja. Serikali nayo iliongeza uzito upande uleule: kanda maalumu za kiuchumi za 1980 (Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen) zote ziko pwani, na miji 14 iliyofunguliwa kwa wawekezaji wa nje mwaka 1984 vilevile ni ya pwani.

Kuna kijiji kingine ninachopenda kukiweka kando ya Xiaogang. Kinaitwa Huaxi, kiko Jiangsu, kwenye delta ya mto Yangtze, si mbali na Shanghai. Huaxi, chini ya kiongozi wake Wu Renbao, kilikataa kugawa ardhi kaya kwa kaya. Kilibaki na mali ya pamoja, kikajenga viwanda, kikaingiza kampuni yake kwenye soko la hisa la Shenzhen mwaka 1999, na mwaka 2011 kikafungua jengo la ghorofa lenye urefu wa mita 328. (Baadaye madeni yalikibana, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Xiaogang, kijiji ambacho watu wake walihatarisha shingo zao ili kufungua mlango wa mageuzi, kilishiba upesi, kisha kikakaa miaka 20 na zaidi bila kutajirika.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wenzangu watue kidogo. Kijiji kilichoasi komuni kilibaki nyuma. Kijiji kilichong'ang'ania mali ya pamoja kilitangulia. Anayeamini kwamba soko huria pekee hutajirisha hapati ushahidi hapa, na anayeamini kwamba ushirika pekee hutajirisha naye hapati. Nionavyo mimi, kilichovitenganisha vijiji hivi kuliko sera yoyote ni kwamba kimoja kilikuwa jirani wa Shanghai, na kingine kilikuwa Fengyang.

Tofauti hiyo haijafutika. Mwaka 2020 mkazi wa kijijini katika jimbo la Zhejiang alipata kwa wastani zaidi ya yuan 31,000. Mwenzake wa Gansu, jimbo kame la kaskazini-magharibi, alipata kama yuan 10,300. Wote ni watu wa vijijini, chini ya serikali moja, na miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu karatasi ile ya Xiaogang.

Nieleze sasa jinsi umbali unavyofanya kazi, maana wengi huudharau kama kero ndogo ya usafiri. Chukua wakulima wawili wenye udongo sawa, jembe sawa na bidii sawa. Mjini gunia la mahindi lina thamani ya 100, tuziite pointi 100 tu. Wa karibu hukatwa 10 za usafiri, wa mbali hukatwa 50. Kwa hiyo shambani mmoja hupewa 90 na mwingine 50. Kulima gunia hilo kumegharimu 40. Basi faida ya wa kwanza ni 50, ya wa pili ni 10. Bei zao hazijapishana hata mara mbili, lakini vipato vyao vimepishana mara tano.

Bado sijaitaja mbolea. Mbolea husafiri upande wa pili, kutoka bandarini kwenda shambani, na kila kilomita huiongezea bei. Ikimfikia wa mbali kwa nyongeza ya 10 juu ya gharama ya kila gunia, faida yake imekwisha. Na mjini bei ikishuka kutoka 100 hadi 90, wa karibu atalalamika, atabana matumizi, atalima tena msimu ujao. Wa mbali ataacha kutumia mbolea, mavuno yatapungua, na mwaka mmoja baadaye tutasoma taarifa kwamba wakulima wa eneo lile "hawazingatii kilimo bora". Sentensi hiyo huniudhi sana. Mtu amepiga hesabu sahihi kabisa, sisi tunamwita mjinga.

Tanzania iliwahi kujaribu kulifuta umbali kwa amri. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilitangaza bei moja ya mazao makuu kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likanunua mahindi kwa bei ileile karibu na Dar es Salaam na kule Songea, karibu kilomita 1,000. Mbolea nayo iliuzwa kwa bei moja. Ghafla mikoa ya mbali yenye mvua nzuri ikawa ghala la nchi: Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ambayo ilizoeleka kuitwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi. Hayakuwa maendeleo ya bure. Gharama ya kuyabeba mahindi ililiangukia shirika, shirika likazama kwenye madeni, wakulima wakacheleweshewa malipo, na wa karibu na miji, aliyeona bei hiyo inampunja, akauza kwa magendo. Mfumo ule haukuweza kudumu, na sidhani kuna mtu makini anayetaka urudi kama ulivyokuwa.

Lakini angalia namna ulivyoondolewa. Biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua, hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi. Bei moja ikafa. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka baada ya mwaka mpaka ikaisha katikati ya miaka ya 1990. Wafanyabiashara binafsi waliingia, na kwa haki yao walikwenda kwanza kulikokuwa na faida, yaani kulikokuwa na barabara. Aliye karibu na mji alipata wanunuzi wanaoshindania gunia lake na malipo ya papo hapo. Kwake mageuzi yalikuwa ukombozi wa kweli. Wa Rukwa alipata mnunuzi mmoja, anayekuja akipenda, na anayejua kwamba huyu hana pa kwenda. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilikuja kukamilika katika miaka ya 2010. Bei huru ilitangulia, lami ikafuata zaidi ya miaka 20 baadaye. Mtoto aliyezaliwa Sumbawanga bei moja ilipofutwa alikuwa na watoto wake mwenyewe lami ilipofika.

Bei moja ilikuwa na maana mbili ndani yake. Ilikuwa bei, na ilikuwa daraja. Waliokuja kurekebisha uchumi waliona bei mbovu wakaing'oa, na daraja likaondoka nalo bila mtu kuuliza nani alikuwa anavukia.

Kuna daraja jingine lililoondoka kimyakimya, na kwa maoni yangu liliumiza kuliko bei. Chini ya komuni, vijiji vya China vilikuwa na bima ya afya ya ushirika iliyowafikia takriban asilimia 90 ya vijiji mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na wahudumu waliojulikana kama madaktari wa pekupeku. Fedha zake zilitoka kwenye mfuko wa pamoja. Komuni zilipovunjwa, mfuko ukavunjika. Katikati ya miaka ya 1980 bima hiyo ilibaki katika asilimia 5 hivi ya vijiji. Hakuna aliyeamua kuifuta. Ilianguka tu, kama kibanda ambacho nguzo yake imechukuliwa kwenda kujengea nyumba. Vijiji vyenye viwanda viliweza kulipia huduma zao. Vijiji visivyo na kiwanda vilimwacha mgonjwa na familia yake, na familia nyingi zilizokuwa zimenyanyuliwa na mavuno zilirudishwa chini na ugonjwa mmoja. Mpango mpya wa bima ya vijijini ulianza mwaka 2003.

Katikati ya hapo, mageuzi ya kodi ya 1994 yalipeleka sehemu kubwa ya mapato kwa serikali kuu, huku mishahara ya walimu na gharama nyingi za huduma zikibaki kwa wilaya. Wilaya tajiri ilitoza viwanda. Wilaya maskini haikuwa na cha kutoza isipokuwa mkulima, na ikamtoza: tozo ya shule, tozo ya barabara, tozo juu ya tozo. Kwa hiyo aliyepata kidogo alikatwa sehemu kubwa zaidi ya kile kidogo. Kodi ya kilimo, iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 2,000 kwa sura mbalimbali, ilifutwa rasmi tarehe 1 Januari 2006. Ninaiheshimu hatua hiyo. Nahuzunika tu kwamba kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kuilipa.

Najua yupo atakayenijibu: kama wote wamepanda, tatizo ni nini wengine wakipanda haraka zaidi? Ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, karibu watu milioni 800 nchini China walitoka kwenye umaskini uliokithiri katika miaka 40, na wengi wao ni watu wa vijijini. Mtu asiyefurahia hilo ana moyo mgumu. Deng Xiaoping mwenyewe, kiongozi wa China aliyeyasimamia mageuzi hayo, alisema wazi kwamba baadhi ya watu na baadhi ya maeneo yatangulie kutajirika, kisha yawavute wengine. Mwaka 1988 aliiomba bara ivumilie pwani itangulie, kwa ahadi kwamba zamu ya bara ingefika. Mpango mkubwa wa kuendeleza magharibi ulianza mwaka 2000.

Shida ni kwamba anayesubiri zamu hasubiri akiwa amekaa. Huondoka. China sasa ina wafanyakazi wahamaji wenye asili ya vijijini zaidi ya milioni 290, na wengi wa waliotoka majimbo ya ndani walikwenda kujenga majengo ya pwani na kukaa kwenye mashine za viwanda vyake. Fedha wanazotuma nyumbani huhesabiwa kama kipato cha kijiji, kwa hiyo kwenye takwimu pengo linaonekana kupungua. Lakini mfumo wa usajili wa makazi, uliowekwa kisheria mwaka 1958, uliwanyima wengi wao haki ya kusomesha watoto katika miji waliyoijenga. Mwaka 2010 watoto walioachwa vijijini na mzazi mmoja au wote wawili walikadiriwa kuwa milioni 61. Kijiji cha namna hiyo kimeongezewa fedha na kupunguziwa baba na mama. Siwezi kuiita hali hiyo "kupanda" bila kwanza kumuuliza bibi anayewalea wajukuu watatu.

Meksiko ilipita njia yake na kuishia karibu na hapohapo. Mwaka 1992 ilibadili ibara ya 27 ya katiba ili ardhi ya jumuiya za wakulima iweze kukodishwa na kuuzwa, na tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ukaanza kutumika. Kaskazini, kwenye umwagiliaji wa Sinaloa na Sonora, mkataba ulikuwa soko jipya la nyanya na mboga. Kusini, Chiapas, wakulima wa mahindi wenye vijishamba vya milimani walichukua silaha siku hiyohiyo ya kwanza. Fidia ilikuwapo, malipo kwa kila hekta inayolimwa. Ukilipa kwa hekta, mwenye hekta nyingi ndiye hupata nyingi.

Nifanyeje basi, kama ningeulizwa kabla? Nisingeyazuia mageuzi. Mkulima wa Xiaogang alikuwa sahihi na ningesimama upande wake hata leo. Ningebishania mpangilio. Kabla ya kuiachia bei, weka barabara na ghala kwa yule ambaye bei hiyo itamfikia mwisho. Ghala ni muhimu kama barabara, kwa sababu asiye na pa kuhifadhi huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, na hununua chakula kilekile miezi sita baadaye. Huduma ya afya na mshahara wa mwalimu visitegemee utajiri wa wilaya husika. Kazi isiyo ya shambani isogezwe karibu na mashamba, la sivyo watu ndio watakaosogea.

Na mahali ambapo umbali hauwezi kufutwa, ipelekwe fedha, kama haki ya mtu, pasipo kupitia bei ya zao. Brazili ilionyesha jinsi. Katiba yake ya 1988, iliyoanza kutekelezwa kwa sheria za miaka ya mwanzo ya 1990, ilimpa mfanyakazi wa shambani pensheni isiyopungua kima cha chini cha mshahara: mwanamume akifika miaka 60, mwanamke 55, hata kama hakuwahi kuchangia mfuko kama mwajiriwa wa mjini. Fedha hizo zilifika kaskazini-mashariki, eneo maskini na kame, mwezi baada ya mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Bibi mwenye pensheni ndiye akawa mtu mwenye mkopo dukani. Soko la mji mdogo likapata wateja. Hakuna bei iliyopotoshwa, na hakuna shirika lililofilisika kwa kubeba magunia.

Kwa hiyo mhariri, safari nyingine waziri wa nchi yoyote atakapotangaza kwamba bei ya zao fulani sasa ni huru, ningependa mwandishi mmoja ainue mkono amwombe orodha ya wilaya zote, na mbele ya kila wilaya makadirio ya bei atakayopewa mkulima shambani siku ya kwanza baada ya tangazo. Kisha aruke moja kwa moja hadi mstari wa chini kabisa wa orodha, aulize wilaya ile lori linafika mwezi gani.